Fisi Apinga Hoja

Mtuwie radhi mapema, kisa hiki kitasimuliwa vibaya. Kasuku ndiye angekitendea haki, lakini kapata mafua na sauti imebaki ya kukoroma. Vumilieni hivyo hivyo.

Mwaka ule mvua iligoma. Mto ukawa njia ya miguu, na shule ya Nyika ikabaki na kitu kimoja cha kuwazuia wanafunzi wasikimbilie makwao baada ya masomo: sufuria la maharage ya jioni, la wanachama wa klabu. Kwa ajili ya sufuria hilo Twiga alijiunga na kwaya, ingawa sauti hana. Kiboko akaingia sarakasi, akavunja benchi. Kobe, ambaye sentensi yake moja huchukua kipindi kizima, akaingia mdahalo.

Ufunguo wa stoo aliushika Fisi, kiranja wa chakula. Cheo hicho alijipendekezea mwenyewe. Tangu hapo maharage yakawa yanapungua hata siku ambazo hayakupikwa.

"Panya," alisema Fisi kila alipoulizwa, akijifuta mdomo. "Panya wa siku hizi hawana adabu."

Simba, mwalimu mkuu, akatikisa manyoya yake mstarini. "Simba mzima siwezi kuongoza shule ya panya! Maharage yakipotea tena, klabu zote nazifunga. Kwaya, sarakasi, mdahalo, kwisha!"

Jioni ile Sungura, mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, alimfuata Fisi stoo.

"Kaka mkubwa, tuna mdahalo Ijumaa, huenda ukawa wa mwisho. Hoja inasema: Fisi aendelee kushika ufunguo wa stoo."

"Hoja tamu hiyo! Naitetea."

"Watetezi wamejaa, kaka. Imebaki nafasi upande wa kupinga."

"Nijipinge mwenyewe? Una wazimu, mdogo wangu?"

"Mdahalo ni mchezo tu. Hakuna anayeamini anachosema. Halafu Mwalimu Mkuu, kwa kupenda sifa, katoa paja zima la nyama kwa msemaji bora."

Fisi alimeza mate mara mbili. Akapiga hesabu: akipinga vibaya, ufunguo anao. Akipinga vizuri, paja analo, na nani atachukulia mchezo kuwa kweli? Akakubali, tena akaomba azungumze wa mwisho.

Ijumaa Kobe alianza. "Mheshimiwa Mwenyekiti... Fisi... ni mwaminifu. Shule nzima inalia njaa... yeye hajawahi kulalamika hata siku moja."

Ukumbi ukaangua kicheko na makofi. Fisi akalitazama paja pale meza kuu, akaliona kabisa likimwendea Kobe. Damu ikamchemka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti!" akaruka. "Mtetezi anatudanganya mchana kweupe! Panya gani anafungua kufuli, anabeba debe, kisha anarudi kufunga kufuli?"

Ukumbi ukalipuka. Twiga akagonga dari kwa shangwe. Fisi hakuwahi kushangiliwa maishani, na kelele zile zikampanda kichwani kama pombe.

"Maneno matupu," alisema Sungura kwa upole. "Ushahidi uko wapi? La sivyo, paja ni la Kobe."

"Ushahidi? Mnataka ushahidi? Nendeni nyuma ya choo cha walimu, inueni lile bati bovu! Mtakuta madebe ya maharage, na kijiko cha Fisi juu yake!"

Makofi yakarindima. Fisi akainama kushoto, akainama kulia, akainama katikati. Alipoinuka, ukumbi ulikuwa mtupu.

Akawafuata mbio huko nyuma ya choo. "Ni mchezo, jamani! Nilikuwa napinga tu! Hakuna anayeamini anachosema!"

"Sisi tumeamini," alisema Simba, amesimama juu ya bati, madebe yote yako wazi.

Ufunguo akapewa Kobe, ambaye akikimbia na debe yeyote atamkamata. Klabu zikaendelea. Fisi akafutwa kwenye sufuria mpaka mvua inyeshe, lakini Simba hakukubali ionekane kwamba ahadi yake huvunjwa, hivyo paja likatolewa kwa msemaji bora.

Sungura alimkuta Fisi akilitafuna peke yake kando ya ukuta.

"Kaka mkubwa, unamlaumu nani? Mimi? Kobe?"

"Nyie mna kosa gani?" Fisi alilamba mfupa. "Ni yule mpinzani. Ana mdomo, hana aibu hata chembe. Ila alivyozipanga hoja zake, hata mimi nimekubali: Fisi anyang'anywe ufunguo."