Mtungi Uliokataa Kulia

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa udongo.
Udongo wa nini?
Wa mtungi.
Mtungi wa nani?
Wa Jumbe, anayeoza binti!
Na atakayesinzia?
Tumgonge: ko, ko, ko!

Haya, sogeeni basi. Nanyi mlioko nyuma, acheni kutafuna. Kazi ya masikio imeanza.

Hapo kale, mito ilipokuwa bado ikiulizana njia ya kwenda baharini, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kikiitwa Vyunguni. Wanawake wake walichimba udongo kwenye ukingo wa mto, wakafinyanga, wakaanika, wakachoma. Na mtungi ukishatoka motoni na kupoa, haukwenda popote kabla ya kugongwa. Uligongwa kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, na mgongaji akauambia, "Mtungi, sema!" Mtungi mzima hulia: ngaa! Wenye ufa hukohoa tu: kwata. Sasa nikisema "Mtungi, sema", nyinyi mnajibu nini?

Ngaa!

Vizuri. Mkijibu kwata, nawarudisha motoni.

Mwaka huo mkuu wa tanuri alikuwa binti mmoja, jina lake Sikudhani. Umri wake mdogo, lakini sikio lake! Lilisikia ufa mwembamba kama unywele. Ndiyo maana wenzake wakamchagua. Ila tangu alipokalia kigoda cha ukuu, moyo wake haukukaa. Kila asubuhi aliamka na swali lilelile: je, wakigundua kwamba siwezi?

Siku moja akaja Akida Shebe, mjumbe wa Jumbe, ametanguliza fimbo, na kabla ya fimbo, tumbo.

"Jumbe anaoza binti," akasema. "Anataka mitungi arobaini kwa siku saba. Na nikikuta hata mmoja una ufa, ukingo huu wa udongo nawapa watu wa ng'ambo."

Ukingo wa udongo! Jamani, Vyunguni bila udongo ni nini? Ni wanawake wenye mikono misafi na watoto wenye njaa.

Sikudhani akajiambia, "Akikosea mtu mmoja, kijiji kimekwisha. Basi asiguse mtu."

Siku ya kwanza wakaja wachimbaji. "Dada, tuchimbe sisi."

"Leteni jembe. Nitafanya mwenyewe."

Siku ya pili wakaja wafinyanzi. "Dada, shingo za mitungi tuachie sisi."

"Nitafanya mwenyewe." Na akazifinyanga upya shingo zote arobaini, kwa sababu moja ilikuwa imepinda kwa upana wa punje ya mtama.

Siku ya tatu wakaja wachomaji. "Dada, umekula?"

"Nitakula mwenyewe!"

Mnacheka? Hata wao walicheka. Lakini hakula.

Jua la enzi hizo lilikuwa na bidii: mtungi wa asubuhi, jioni umekauka. Siku ya nne mitungi ikaingia motoni, na siku ya tano Sikudhani akakaa peke yake mbele ya mitungi arobaini, anagonga. Ko, ko, ko. Mtungi, sema!

Ngaa!

Ndivyo. Lakini yeye alisikia nini? Kichwani mwake ilishakuwa ngaa tupu, kama kengele isiyo na wa kuinyamazisha.

Hapo akaja Mwanjaa, mke wa kaka yake. Na mnajua mambo ya wifi na wifi: utani ni halali yao. Jambo ambalo kijiji kizima kinaogopa kulisema, wifi analisema huku anacheka.

"Wifi, macho yako yamekuwa kama ya kambare aliye kapuni."

"Mwanjaa, nina kazi."

"Hata kambare alisema hivyohivyo."

Sikudhani akaendelea kugonga. Mwanjaa akamtazama, kisha akachagua mtungi mmoja uliokuwa na alama ndogo ya kidole gumba shingoni. Akauweka mbele yake. Ko, ko, ko.

"Mzima," akasema Sikudhani.

Mwanjaa akazunguka nyuma ya tanuri, akabadili kilemba, akarudi na mtungi uleule. Ko, ko, ko.

"Una ufa. Weka kando."

Mwanjaa akazunguka tena, akaja akiimba kwa sauti nene kama mwanamume. Mtungi uleule. Ko, ko, ko.

"Mzima kabisa! Huu ndio wa kwanza kunifurahisha leo."

Wanawake waliokuwa wakichungulia nyuma ya tanuri wakaangua kicheko. Mwanjaa akamwonyesha ile alama ya kidole gumba.

Sikudhani akaigeukia mitungi aliyoipanga. "Na ile ishirini niliyokwisha kuipitisha?"

Wakaijaza maji, wakangoja. Mitungi mitatu ikatoa jasho. Halafu ikatoa machozi. Sikudhani naye akatoa yake.

"Nimewaangamiza," akasema. "Sikio langu limekufa."

"Sikio halifi kwa siku tano," akasema Mwanjaa. Akaujaza maji ule mtungi wa kidole gumba. "Ugonge."

Pu.

"Una ufa?"

"Hauna. Umejaa."

Mwanjaa akamwaga maji yote. "Ugonge tena."

Ngaa!

"Nani ameutengeneza?"

"Hakuna."

"Basi wifi yangu, nenda nyumbani ukamwagike."

"Na mitungi je?"

"Sisi tuko kumi na wawili, masikio mawili mawili. Wewe unayo mawili tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, wifi, wala hakigongi mitungi arobaini."

Sikudhani akasimama. Kuachia kunatisha, lakini aliachia. Akawaambia, "Fumbeni macho. Msisikilize mlio, sikilizeni mkia wa mlio. Wenye ufa mkia wake umekatika." Akala ugali, akalala kuanzia adhuhuri mpaka jogoo wa pili.

Wenzake wakagonga wawiliwawili. Wakibishana, aliitwa wa tatu. Mibovu wakaivunja, wakafinyanga mingine. Siku ya saba, mitungi arobaini ikapangwa mstari.

Akida Shebe akafika na fimbo yake. Wa kwanza: ngaa. Wa kumi: ngaa. Wa thelathini: ngaa. Wa thelathini na saba:

Pwata.

Hata kuku waliacha kuparua.

"Ufa!" akapiga kelele Akida. "Udongo umekwenda ng'ambo!"

Wanawake wakamgeukia Sikudhani. Siku mbili nyuma angelia, au angejiuliza kwa nini aliwaachia. Leo alipiga goti, akafumba macho, akagonga. Ko, ko, ko. Akasikiliza mkia. Akatabasamu.

"Akida, mtungi huu hauna ufa. Umeshiba."

Akaingiza mkono mpaka begani, akatoa mihogo minne ya kuchoma, imefungwa kwenye jani la mgomba, bado ya moto.

"Yangu hiyo!" akasema Mwanjaa. "Nilimfichia wifi yangu. Nilijua leo ataamka kwa wasiwasi, hatakula."

Sikudhani akaugonga mtungi mtupu. Mtungi, sema!

Ngaa!

Akida akacheka mpaka tumbo likaitupa fimbo. Akala muhogo mmoja, akaondoka na mitungi arobaini, na udongo ukabaki Vyunguni.

Tangu hapo, kabla ya kugonga mitungi, wanawake wa Vyunguni humgonga kwanza mkuu wao begani: ko, ko, ko, mkuu, sema! Akijibu ngaa, kazi inaanza. Akijibu pu, anapewa muhogo na kurudishwa nyumbani kulala. Na Sikudhani, aliyedumu kwenye kigoda kile hadi akapata wajukuu, wanasema alijibu pu mara nyingi kuliko wakuu wote, na hakuna mtungi wake uliovuja tena.

Hadithi yangu nimeitoa motoni, imepoa. Igongeni. Ikilia, ni yenu, nendeni mkatekee maji. Ikikohoa, niachieni mimi, nitapandia mchicha.