Chimni ya Baba Lorine

Macho hayana pazia, lakini funguo pia hayana. Yataona rangi ya ukuta na urembo wa mlango. Kinachoendelea ndani hayatakijua mpaka mtu aingie. Ndiyo sababu tukaambiwa kwamba nyumba njema si mlango. Makokha wa Kitengela aliijua methali hii tangu shule ya msingi, ila alidhani inawahusu watu wengine.

Makokha alikuwa karani katika kiwanda kimoja cha saruji huko Athi River. Alijenga nyumba yake mwaka wa 1998, kwenye uwanda mtupu ambapo hata swala walipita bila kubisha hodi. Ilikuwa nyumba ya mawe, na juu yake chimni nyekundu ya matofali, dohani ya kutolea moshi, imesimama tisti kama askari wa gwaride. Pande zile hapakuwa na chimni nyingine. Muda si muda makanga wa matatu wakaifanya jina la stegi, yaani kituo chao. “Chimni! Wa Chimni washuke!” Kila aliposikia hivyo, kichwa cha Makokha kilivimba kama andazi kwenye mafuta.

Jambo moja tu hakumwambia mtu, hata mkewe Apondi, ambaye wakati wa ujenzi alikuwa bado kwao Siaya. Matofali hayo hayakuwa matofali. Pesa zilipoishia kwenye kuta, Makokha alimwambia seremala atengeneze sanduku refu la mbao, alivike mabati, alichoree matofali kwa rangi, kisha alisimamishe juu ya dari, kichwa kikitokeza nje ya paa.

“Hakuna mtu atapanda huko,” alisema. “Watu wanaangaliaga tu.”

Seremala akarudi kwao Rombo na siri yake.

Julai ya mwaka wa 2001 ilikuja na baridi kali kama wembe. Upepo ulivuka uwanda ukaingia kila upenyo. Lorine, binti yao mchanga, akabanwa na kifua, akawa anakohoa usiku na mchana. Nesi alimwambia Apondi chumba kiwe na joto. “Lakini jiko la makaa ndani ya nyumba imefungwa, hapana! Hiyo inaua watu wakilala.”

Jumamosi, Makokha alipotoka kazini, alikuta jiko la kuni la chuma limekaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Fundi Githinji kutoka Ngong alikuwa akiunganisha vipande vya bomba. Jirani yao Nalangu, aliyekuwa ameleta maziwa, aliegemea mlango akitazama.

“Sopa, Baba Lorine!” akamsalimu kwa Kimaasai.

“Epa,” Makokha akajibu, macho kwenye bomba.

Apondi alitabasamu, mtoto kifuani. “Nilitaka tu kukushtua. Leo hiyo chimni yako itaacha kukaa bure.”

Makokha aliinua macho darini.

“Ni ya matofali, mzee?” Githinji akauliza.

Hapo ndipo angesema. Lakini Nalangu alikuwa anatazama, na lile tabasamu la Apondi lilikuwa bado halijazima.

“Matofali kabisa,” akasema.

“Basi wacha nipande niangalie mdomo wake.”

“Usipande! Mabati yangu itapinda. Wewe toboa dari tu, utaikuta hapo hapo.”

Githinji akatoboa dari, akasukuma bomba likaingia kwenye uwazi mweusi. Likagonga kitu, kikalia. Fundi akakunja uso. “Matofali gani hii inalia kama sufuria?”

“Wacha maneno, fundi,” Nalangu akamkata. “Mtoto anaganda.”

Kuni zikapangwa, gazeti likakunjwa. Apondi alisogea karibu ili Lorine apate joto la kwanza, akawasha kiberiti kwa mkono wake mwenyewe. Makokha aliutazama moto ukila njiti. Akilini mwake moto huo ulikuwa umeshapanda bombani, umezishika mbao kavu, umeanguka na dari nzima juu ya mtoto. Aibu ilimvuta huku, damu yake ikamvuta kule.

Lorine akakohoa.

Makokha aliruka, akaupuliza ule moto ukazimika. “Usiwashe, Mama Lorine. Hiyo chimni ni sanduku.”

“Sanduku ya nini?”

“Ya mbao.”

Githinji hakuomba ruhusa tena. Alipanda paa, wakamsikia akigonga: ting! ting! ting! “Woi! Hata juu imezibwa! Mzee, ungetuchoma hapa kama mahindi!”

Nalangu alicheka mpaka akashika mbavu. “Na mimi huambia wageni washuke kwa Chimni, kumbe wanashuka kwa kabati!”

Apondi hakucheka. Alimfunika mtoto vizuri, akamtazama mumewe juu hadi chini. “Ungeniambia tu, Baba Lorine. Mimi sikuolewa na paa.”

Maneno hayo yalimwingia Makokha kuliko kelele zozote.

Kabla jua halijatua, Githinji aliutoboa ukuta wa mawe, akapitisha bomba nje, akaliinua likapita paa, akalivika kofia ya bati mvua isiingie. Lilikuwa bomba jembamba, jeusi, baya kama mguu wa mbuni. Lakini jiko lilipowashwa, moshi wote ulitoka nje, hakuna jicho lililowasha. Lorine akalala fofofo. Lile tundu la dari Makokha alitaka kuliziba, Apondi akakataa. “Liache. Litakuwa linakuangalia.”

Sanduku lilishushwa, pengo la paa likafunikwa, na Nalangu akalidai sanduku palepale. “Nipe nilazie kuku.” Kuku wake wakaanza kutaga ndani ya matofali ya rangi.

Makanga hawakubadilisha jina la stegi. Wageni walishuka, wakatazama mapaa yote, wakamuuliza Makokha chimni iko wapi.

“Ile pale, kwa kuku,” aliwajibu bila kuona haya. “Inayofanya kazi ni hii bomba. Ingieni muote moto.”

Nao waliingia, wakavua makoti, wakamkuta Lorine akitambaa sakafuni bila soksi. Hakika, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.