Zege la Mzee Singano

Penye shimo hapamwagwi zege. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, alipokataa wale ndugu wawili wapewe pilau la mapatano kabla hawajaambiana kilichowagombanisha, na nimewaona mkitazamana. Mmedhani ni maneno ya mafundi ujenzi. Mafundi wameyakuta tu. Methali hii ilianza hivi, na aliyeanza kuogopa ni mwanamke, tena mkwe, mtu ambaye katika nyumba ile jogoo alimzidi sauti.

Palikuwa na mzee mmoja huko Korogwe, upande wa reli, akiitwa Singano. Mkewe alikwisha kufariki. Nyumbani alibaki na binti yake wa mwisho, Mwanamvua, pamoja na mkwe wake Stara, ambaye mumewe alifanya kazi Tanga mjini na kurudi kila mwisho wa mwezi. Mwanamvua alipoposwa, Mzee Singano akaapa kwamba wakwe zake wapya hawatakanyaga vumbi uani kwake. Akamwita fundi Sekibaha.

Fundi akauzunguka ua, akapiga kisigino hapa na pale, kisha akasema, "Mzee, njia ni mbili. Nikumwagie zege, au nikupangie vitofali, hizi pevingi. Zege ni safi na linakwisha siku moja. Lakini mimi kwa ardhi hii ningepanga vitofali. Kitofali kikizama unakiona, unakiinua, unatazama chini kuna nini, unarudishia. Zege halisemi. Linanyamaza mpaka siku linapokatika."

"Mwaga zege," akasema Mzee Singano. "Sitaki sakafu ya kufukuafukua."

Stara alikuwa akifagia karibu yao, na mahali hapo alipafagia mara tatu ili asikie vizuri. Aliposikia zege, akaacha kufagia.

Maana Stara alikuwa akiujua ua ule kuliko mwenye ua alivyodhani. Kila siku alitwanga pale katikati, na kila mchi uliposhuka, sauti ilirudi kutoka chini, nzito, kama mtu anayegonga mlango kwa ndani. Akimwaga maji ya kufulia upande wa bafu, yalitiririka kidogo, kisha yakanywewa yote mahali pamoja. Tena asubuhi moja baada ya mvua kubwa aliamka mapema kuliko kawaida, akamwona Mzee Singano mwenyewe, na umri wake ule, akisukuma toroli la udongo na kujaza mbonyeo katikati ya ua, huku akitazama nyuma kama mwizi. Stara akarudi ndani kimya kimya. Tangu siku hiyo hofu ikamwingia na haikutoka.

Kwa nini hakusema? Ninyi mmezaliwa juzi, mnaongea na wakwe zenu kwa simu huku mnatafuna. Katika nyumba ile mkwe wa kike hakumwambia baba mkwe neno uso kwa uso. Neno lake lilipitia kwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa kaburini; na mke hamsemi baba mkwe kwa mumewe. Ilibaki njia moja tu, kuongea na kuku. Ukitaka mzee ajue chumvi imekwisha, unawalalamikia kuku uani, naye anasikia kibarazani bila heshima ya mtu kuvunjika.

Basi Stara akawaambia kuku. "Nyie kuku mnaoparua hapo katikati, mtatumbukia. Hapo chini pana uwazi. Mwenye ua akifunika asipojaza, atakuja kuua watu." Alisema kwa sauti ya kutosha. Kibarazani Mzee Singano akakohoa, kisha akaongeza sauti ya redio.

Zege likamwagwa. Kwa kweli lilipendeza, jeupe, laini, na majirani wakaja kulitazama. Mzee Singano akawa mtu mpya, maana toroli sasa lilipumzika. Stara ndiye aliyekonda. Alikwenda jikoni akipita kando ya ukuta, bega likikwaruza tofali, kwa namna unavyompita mbwa mkali aliyelala. Kinu chake kizito kilikuwa kimerudishwa pale pale katikati na mafundi, naye akakiacha hapo na kwenda kutwangia kwa jirani.

"Wifi, unaogopa kuuchafua ua wa harusi yangu?" Mwanamvua akamtania.

"Naogopa," akajibu Stara, na hakucheka.

Masika yakaanza. Zege likapata ufa mwembamba karibu na bafu, wa kupitisha ukucha. Maji ya kuogea yaliyotakiwa kufika kwenye mfereji yakawa hayafiki. Stara aliyatazama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yaliingia kwenye ufa na kwisha. Akawa anahesabu siku kila akisikia mvua juu ya bati, kwa sababu alijua maji yale yanakula udongo, na alijua siku ya kutwanga inakuja.

Siku ya kutwanga ni siku mbili kabla ya harusi. Wanawake wa pande zote mbili huja na vinu na michi, hutwanga mpunga wa shughuli kwa pamoja, na wakichangamka hucheza kwa kishindo, wote katikati. Walifika asubuhi, zaidi ya ishirini, wakiimba tangu njiani, na Mwanamvua, aliyekwenda kuwapokea, akiwa kati yao. Walipofika mlango wa uani wakamkuta Stara amesimama mlangoni, ameshika mchi kwa kuukingamiza.

"Tupishe, bibi, mpunga hautajitwanga," akasema mmoja.

"Hamuingii," akasema Stara.

Nyimbo zikakatika. Mzee Singano akatoka ndani amevaa kanzu, uso umemwiva kwa aibu ya kuumbuliwa mbele ya wakwe. Akapita katikati ya ua, akasimama juu ya zege. "Mwanangu Stara, umerogwa? Unawazuia wageni wangu kwenye ua wangu?"

Stara akatafuta kuku kwa macho. Siku hiyo kuku wote walikuwa matengani wakisubiri kisu. Basi akageuka, akamtazama baba mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Baba, hapo uliposimama pana shimo?"

"Hapana shimo hapa." Akapiga mguu chini, mara moja, mara mbili. Zege likatulia. Wanawake wakaanza kuguna, na mmoja akacheka. Stara akahisi amekwisha, kwamba jioni hiyo atarudishwa kwao na sanduku lake. Lakini hofu ya kurudishwa ilikuwa ndogo kuliko ile nyingine. Akainua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya bafu, akaimimina yote kwenye ufa.

Maji yakaingia. Hapakusikika kitu. Kisha, baada ya muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa, yakasikika yakianguka mbali, chini kabisa, chini ya miguu ya Mzee Singano. Na baada ya maji yakafuata madongo, yakitumbukia moja moja.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Singano alisimama amekauka, akitazama chini. Ufa ule mwembamba ulikuwa unatembea kumfuata.

"Baba, usipige hatua," akasema Stara, akiwa amerudi mlangoni kwa kupita kando ya ukuta, sauti yake ikiwa ndogo. "Lala chini. Lala kifudifudi, utambae uje kwangu."

"Mbele ya wakwe?"

"Mbele ya wakwe, baba. Tambaa."

Mzee akapiga magoti, akalala, akatambaa na kanzu yake nyeupe kama mtoto wa miezi minane, na alipokuwa akitambaa alikuwa akisema, si kwa yeyote, "Baba aliniambia nijaze mawe mpaka juu. Choo cha zamani hiki, kirefu. Nikalaza magogo na bati, nikafukia udongo, nikamwambia nimejaza. Nilikuwa kijana, nilitaka kuwahi mpira." Stara akamnyooshea mchi, mzee akaushika, wanawake wakamvuta mpaka kizingitini. Miguu yake ilikuwa haijavuka kizingiti vizuri zege lilipokatika. Kinu cha Stara kikaenda nalo. Walikisikia kikigonga kuta za shimo, na kilipofika chini Mwanamvua, bibi harusi, alikaa chini akalia.

Mzee naye alilia. Hakuficha. Aliwahesabu wanawake waliokuwa mlangoni, mmoja mmoja, kwa kidole, na alipofika kwa binti yake akashindwa kuendelea.

Harusi ikafanyika mbele ya nyumba, kwenye vumbi, na wakwe walikula na kusifu. Baada ya hapo shimo likajazwa mawe mpaka juu, kama lilivyotakiwa kujazwa tangu zamani, na fundi Sekibaha akapanga vitofali. Kila masika kimoja au viwili huzama. Mzee Singano alikuwa akiviinua mwenyewe, mchana, mlango wa ua ukiwa wazi, anatazama chini, anaongeza mchanga, anarudishia. Na kama alikuwa na neno alimwita Stara, wakaongea uso kwa uso. Kuku wakapumzika. Kinu bado kimo humo humo chini ya mawe.

Alipozeeka watu walimletea magomvi yao. Wengine walikuja na haraka ya kupeana mikono, wakisema yaliyopita yamepita, wale, wacheke, waende. Yeye aliwauliza kwanza chini kuna nini. Wakinyamaza, alikataa kuwapatanisha siku hiyo, akawaambia warudi nyumbani wakafukue, maana yeye alikwisha kusimama juu ya kitu kilichofunikwa vizuri, akasikia maji yakianguka.

Penye shimo hapamwagwi zege.