Fisi Aliyeandika Mwisho wa Dunia

Paukwa!

—Pakawa!

Nimebeba kikapu.

—Kina nini?

Kina mwisho wa dunia.

—Kitue tuuone!

Umelala. Mkitulia, hautaamka.

—Tumetulia. Simulia!

Basi. Hapo kale palikuwa na Fisi, na Fisi huyo alikuwa mwandishi. Msicheke. Aliandika kwa mkaa kwenye magome ya miti, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko tabia yake. Aliandika hadithi ya siku za mwisho. Nyota zinaanguka. Mito inageuka damu. Mnyama mwenye vichwa saba anapanda kutoka ziwani. Wema wananyakuliwa kwenda juu wakiwa katika shughuli zao, huyu akichota maji, yule akisonga ugali, na wabaya wanabaki chini wakitazamana.

Hadithi hiyo aliiita Bado Kidogo. Kitabu cha kwanza kilikwisha hivi: "Na mwisho ukakaribia, lakini bado kidogo." Wanyama wakasema, "Alaa!" Wakangoja cha pili. Cha pili nacho kikakwisha: bado kidogo. Cha tatu: bado kidogo. Cha nne: bado kidogo. Sisi tunapoingia katika habari hii, Fisi alikuwa amekwisha kutoa vitabu kumi na viwili, na yule mnyama wa vichwa saba alikuwa bado anapanda kutoka ziwani.

Kila kitabu kilipotoka, kila nyumba ilipeleka kikapu cha chakula pangoni kwa Fisi, juu ya kilima.

"Mwisho ukifika, chakula mtakipeleka wapi?" alisema Fisi. "Nileteeni mimi. Acheni mimi niteseke na mzigo huo."

Asiyepeleka, jina lake liliingia katika kitabu kilichofuata, miongoni mwa walioachwa. Na hakuna mnyama anayependa kusoma jina lake humo, majirani nao wakisoma.

Sasa, palikuwa na Kindi, mama mwenye watoto wadogo. Kindi aliweka karanga katika tundu la mti, kiangazi kikija wakala, masika yakirudi wakawa hai. Mwaka ule alichungulia tunduni akaona kimebaki kikapu kimoja tu. Kiangazi kilikuwa kimefika mlangoni. Na Fisi alikuwa amekwisha kutangaza kitabu cha kumi na tatu.

"Mama," watoto wakauliza, "kikapu hiki nacho kinakwenda kwa Fisi?"

Kindi akakuna sikio, kru kru kru. Ukimwona Kindi anakuna sikio, jua kuna jambo.

Akapanda kilima, tipu tipu tipu, mpaka pangoni.

"Hodi, bwana mwandishi!"

"Karibu, bibie. Kikapu kiko wapi?"

"Kikapu kinakuja. Kwanza nimekuja kuuliza: unajua wasomaji wako wanasema nini juu yako?"

Masikio ya Fisi yakasimama. Mwandishi anaweza kukaa bila chakula, lakini bila jibu la swali hilo hawezi.

"Wanasema nini?"

"Mimi sijui, bwana. Ila ukinituma nitawauliza mmoja mmoja."

"Nenda! Kusanya sifa zote, usiangushe hata moja njiani."

Kindi akashuka, tipu tipu tipu, akafika kwa Digidigi.

"Dada, unavionaje vitabu vya Fisi?"

"Cha tatu nilikilia," akasema Digidigi, akifuta macho yake makubwa. "Sisemi uongo. Nilikuwa sisemezani na jirani yangu. Niliposoma pale wanaponyakuliwa, nikasema, nisije nikakutwa nimenuna. Nikaenda kumsalimia. Mpaka leo tunaazimana chumvi."

"Na cha kumi na mbili?"

"Cha kumi na mbili nilikilalia."

Kindi akaenda kwa Ngiri. Ngiri alikuwa mtani wake.

"Mtani, unavionaje vitabu?"

"Nina swali moja tu," akasema Ngiri, na kofia yake ikatetemeka kichwani. "Kitabu cha tano, mapepo yametolewa. Yameingia kwa nani? Kwa nguruwe! Cha nane, yametolewa tena. Yameingia kwa nani? Kwa nguruwe! Kwa nini hata siku moja yasiingie kwa kindi?"

"Kindi ni mdogo, mtani. Yatakaa wapi? Lakini wewe bado unavisoma?"

"Vyote! Nataka kujua kama tutasamehewa."

Kindi akaenda kwa Kobe. Kobe alikuwa ameinamia gome.

"Mzee Kobe, shikamoo. Umefika kitabu cha ngapi?"

"Marahaba. Niko cha kwanza."

"Mpaka leo!"

"Nina haraka gani, mwanangu? Tena nimekwama. Mwandishi anasema hapa dunia inakwisha kesho. Halafu, chini yake, anaomba chakula cha kumtosha mwaka mzima. Nimeusoma ukurasa huu, nimeurudia, sijauelewa bado."

Kindi akacheka mpaka mkia ukamtikisika. "Mzee, usiende mbele. Huo ndio ukurasa wenyewe."

Akakuna sikio, kru kru kru, akapanda tena kwa Fisi.

"Wanasemaje?" Fisi akauliza kabla hata hajaitikia hodi.

"Wanasifu, bwana. Wengine wanalia kabisa. Lakini."

"Lakini nini?"

"Wanasema mwisho hauji."

"Hauji, na hautakuja!" akasema Fisi. "Mwisho ukija, vikapu nitavitoa wapi?"

"Hebu fikiri, bwana. Leo wanakuletea kikapu kimojakimoja kwa sababu ni bado kidogo. Ukiandika kwamba siku yenyewe imefika, nani atajibakizia chakula nyumbani?"

Fisi akameza mate, gudu!

"Wataleta vyote?"

"Vyote."

"Kwa mara moja?"

"Kwa mara moja. Andika tu kwamba siku ya parapanda, atakayekutwa na chakula ghalani ndiye atakayeachwa, kwa kuwa hakuamini."

"Bibie," akasema Fisi, akitafuta mkaa wake, "wewe ungezaliwa na meno kama yangu ungekuwa mwandishi."

"Asante, bwana. Na neno moja dogo. Wasomaji wanasema sala zako ni fupi, tena unasali jicho moja likiwa wazi, linachunga vikapu."

"Nani kasema hivyo?"

"Wasomaji, bwana. Mimi ni mjumbe, na mjumbe hauawi."

"Watakiona!" Fisi akanguruma. "Siku hiyo nitasali sala ambayo wajukuu wao watasimuliana. Na macho nitafumba yote mawili!"

Kindi akashuka. Akapita nyumba kwa nyumba, akamnong'oneza kila mmoja maneno yaleyale. Kwa Tembo alikawia zaidi, kwa sababu sikio lilikuwa kubwa.

Siku ya kitabu cha kumi na tatu ikafika. Wanyama wakapanda kilima wamebeba kila kitu. Ngiri alileta viazi. Tembo alileta mahindi, akaomba ruhusa ya kwenda nyuma ya kilima kupumzika, akapewa. Digidigi alileta kunde, Kobe akaleta boga, na alikuwa ameanza safari tangu majuzi. Kindi akaja na kikapu chake cha mwisho. Mtoto wake mdogo alikuwa amekishika mpini, hakiachii.

"Kiache, mwanangu," akasema Kindi. "Kinakwenda matembezi tu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Lakini moyo wake ulikuwa unapiga pupupu, kwa sababu kikapu kikiingia kwa Fisi kwa kawaida hutoka kitupu.

Fisi akapanga vyote pangoni mpaka darini. Akakaa mlangoni, akasoma:

"Siku hiyo parapanda itapigwa mara moja tu. Walioamini watatoweka, na vitu vyao vitabaki chini. Na yule mwenye chakula ghalani ataachwa, peke yake, akitafuta wenzake asiwaone."

"Bado kidogo?" wakauliza wanyama.

"Hapana!" akasema Fisi. "Ni leo!"

"Alaa!"

"Tufumbe macho tusali."

Fisi akafumba macho, yote mawili. Akaombea mvua. Akaombea milima, mmoja baada ya mwingine, kwa majina. Akawaombea waandishi. Ngiri akavua kofia, akailaza chini. Digidigi akavua kanga, akaitandaza. Kila mmoja akaacha kitu chake pale alipokuwa amesimama, wakateremka kilima kwa ncha za kwato, nyata, nyata, nyata. Kobe naye akageuka. Akatazama mteremko, akatazama miguu yake, akaelewa. Akaingiza kichwa. Akaingiza miguu. Akatulia.

Fisi katika sala yake alikuwa amefika kwa waandishi wa ng'ambo ya mto, na nyuma ya kilima Tembo akainua mkonga.

PAAAAAAAA!

Fisi akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Pale mbele yake palikuwa na kofia. Palikuwa na kanga. Palikuwa na fimbo. Wenyewe hawakuwepo.

"Digidigi?"

Kimya.

"Ngiri?"

Kimya.

"Hata Ngiri?" Fisi akapiga kelele. "Hata Ngiri amenyakuliwa?"

Akaliona gamba la Kobe. Akalikaribia, akaligonga, ko ko ko.

"Mzee Kobe?"

Kimya.

"Mama yangu! Huyu ameacha mpaka nyumba!"

Ndipo akakumbuka alichoandika. Akageuka polepole, akatazama pango lake. Mahindi mpaka darini.

"Mwenye chakula ghalani," akasema. "Ni mimi. Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe!"

Akajitosa pangoni. "Si changu!" Puu! Kikapu kikaruka nje, kikateremka kilima, bingiri bingiri bingiri. "Si changu! Hiki cha Ngiri!" Puu! Bingiri bingiri. "Si changu! Hiki cha Tembo!" Puu! "Hiki cha Digidigi, cha mwaka jana!" Puu! Kumbe alikuwa anajua kila kikapu na mwenyewe.

Kule chini, wanyama wakadaka. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa Ngiri, aliyekuwa akinong'ona, "Hicho changu. Hicho nacho changu."

Kindi hakudaka kitu. Alikuwa anangoja kimoja tu, na hicho hakikuja.

Fisi alikuwa amekishika. Pango lote lilikuwa tupu, kimebaki kikapu kidogo cha karanga. Akakinusa. Akakinusa tena. Hofu ilikuwa imemjaa kichwani, lakini pua haikuwa na habari hiyo.

"Hiki ni kidogo mno," akajiambia. "Kutoka juu kule hakionekani."

Akatoka nacho mlangoni, akatia mkono kikapuni. Kule chini Kindi akaona, akafumba macho yake kwa mara ya kwanza siku ile. Tembo alikuwa amejikunja kwa kicheko, pumzi ya kupiga tena hana.

Na palepale mlangoni, kutoka ndani ya gamba lisilo na mtu, ikatoka sauti, taratibu sana:

"Kinaooonekana."

"Yalaaa!" Fisi akaruka, kikapu kikaruka, kikapu kikaenda chini na Fisi akaenda juu. Kindi akafumbua macho, akakipokea kifuani, tap! Haikupotea hata karanga moja. Mtoto wake mdogo akashika mpini palepale.

Fisi akakimbia kilima hadi kilima, uso umeelekea mawinguni. "Na mimi! Na mimi!"

Na Ngiri, kiazi mdomoni, akamjibu kutoka chini, "Bado kidogo!"

Ndiyo maana mpaka leo Fisi hutazama juu na kulia, uuuu-wi! Anauliza kama nafasi ipo. Halafu hucheka kidogo, kwa kuwa anakumbuka kitabu hicho alikiandika yeye.

Wasomaji wakakaa chini ya kilima, wakala, wakatoa maoni. Digidigi akasema cha tatu kilikuwa kizuri, lakini cha kumi na tatu ndicho kitabu. Ngiri akasema safari hii mapepo yalikwenda mahali pake. Kobe, aliyekuwa ndiyo kwanza anawasili, akainua mguu mmoja akawakataza.

"Msinisimulie," akasema. "Mimi niko cha kwanza bado, nitafika."

Na funzo lake ni hili, wanangu: msiweke akiba, kwa maana mwenye akiba huachwa nyuma. Hayo ameandika Fisi, mwandishi wa vitabu kumi na vitatu, si maneno yangu. Kindi naye anakubaliana na funzo hilo kabisa. Juzi tu aliniambia hivyo, amekaa juu ya ghala lake, karanga zimemjaa mashavu yote mawili.

Kikapu changu kimekwisha, nakipindua, nakikung'uta.

—Hakina kitu!

Basi aliyefumba macho afumbue, aangalie kama chake bado kipo.