Kidawa na Karatasi Kuukuu

Tulieni niwape ya Kidawa. Huyo alikuwa anasomea mambo ya fedha chuoni, na bila fildi, yaani mafunzo ya kazini, ya miezi miwili hamalizi. Akaenda kwa Bwana Kisoka, mwenye kampuni ya mikopo pale Korogwe.

Kisoka akatazama matokeo yake. "Hesabu thelathini na nane? Binti, hapa napokea vichwa tu."

"Sawa, baba. Ila tazama na haya." Kidawa akatoa karatasi kuukuu, imekunjwa juu jina lisionekane. "Kati yetu nani ana nafuu?"

Kisoka akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Kumi na tisa! Huyu hata ufagio simshikishi. Afadhali wewe mara mia."

"Nikimkuta humu ofisini kwako, utanipokea?"

"Humu? Lete barua yako ya chuo nisaini. Asipokuwepo, naichana."

Akasaini, akagonga na muhuri. Kidawa akaitia barua mkobani, ndipo akakunjua ile karatasi. Jina lilikuwa la Kisoka mwenyewe, mwaka wa kwanza chuoni.

Kisoka akairudisha miwani puani. "Umeipata wapi?"

"Kwa mama yako. Nilimsaidia kutwanga kisamvu, akanifungulia sanduku nione mwanawe alikotoka. Anakusalimu. Niripoti saa ngapi Jumatatu?"

"Saa mbili," akasema Kisoka. "Hiyo karatasi niachie."

"Haiwezekani, baba. Nimemwahidi mama nitairudisha."