Mama Aliyetetemeka Madhabahuni

Palikuwa na mama mmoja, mrija wake wa nyongo umezibwa na kijiwe. Macho ya njano kama ndizi mbivu. Nyie wasomi mnaotabasamu huko nyuma, tulieni. Mimi shule niliiacha darasa la sita na bado mnakuja kunisikiliza.

Hospitali wakampitishia mpira wenye kamera mdomoni, wakakitoa kile kijiwe. Siku ya kumruhusu, daktari akamwambia, "Mama, ukisikia baridi ya kutetemeka, rudi siku hiyo hiyo. Wadudu wanaweza kupenya kwenye damu."

Jumapili akaamka na baridi. Akamwambia wifi yake:

"Wifi, nirudisheni hospitali."

"Baada ya ushuhuda wako kanisani. Watu wamefunga na kukuombea siku tatu, leo uwakimbie? Kwani hospitali ina miguu?"

Akapanda madhabahuni. Mkono ulioshika maikrofoni unacheza, meno yanagongana. Mngefanya nini nyie? Msinidanganye, nawajua. Wenzenu walipiga vigelegele. Roho amemshukia, walisema, na mpiga kinanda naye akaongeza sauti. Kadiri alivyotetemeka ndivyo makofi yalivyozidi. Akasema, "Jamani, nasikia baridi." Kanisa zima likaitika, "Amina."

Jioni akaanguka, ndipo wakampeleka. Wifi akamweleza daktari, tena kwa fahari, "Huyu alitetemeka ibada nzima. Roho alikuwa juu yake tangu asubuhi."

Daktari akaacha kuandika. "Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi, daktari."

"Asubuhi dawa ingemuwahi."

Jumanne wakamzika. Kwaya ile ile, kinanda kile kile.

Utani wangu unaishia hapa, wapendwa. Nani alimuua yule mama? Wadudu, sawa. Lakini nani aliwapa wadudu siku nzima ya kufanya kazi? Watu wenye Biblia kwapani. Sisi. Sisi tunaoona mtu anaungua kwa homa tukisema anawaka moto wa mbinguni, kwa sababu anayewaka moto anatunogeshea ibada, na mgonjwa anaikatisha.

Mungu hakupungukiwa sifa siku ile. Yule mama ndiye aliyepungukiwa mtu mmoja tu wa kumuuliza, "Unaumwa?"

Leo sisemi mgeukie jirani yako umwambie ameshinda. Mgeukie, umguse paji la uso. Akiwa wa moto, mbebeni mtoke naye, hata kama bado nahubiri.