Bega la Nani kwenye Machela ya Bi Mkunde

Hapo zamani, na wala si zamani ya kutisha, maana simu zilikuwepo ila zilishika mtandao ukipanda juu ya jiwe, palikuwa na kijiji cha Kwemtindi, huko milimani. Kijiji kilikuwa na zahanati, zahanati ikawa na muuguzi mmoja, Bi Mkunde. Kila mwaka chuo cha afya cha mjini kilimletea wanafunzi wakae miezi mitatu wajifunze kutibu watu wa kijijini. Walikuja na mabuti mapya na katoni za maji ya chupa, utadhani huku tunakunywa vumbi.

Bi Mkunde alikuwa na sharti lake. Humgusi mgonjwa wake mpaka umebeba machela. Mtu akizidiwa, mwanafunzi unaingiza bega pamoja na wanaume wa kijiji, mnateremka mlima saa nne nzima hadi hospitali kubwa ya bondeni. Ukirudi ndipo anakupa glavu.

Mwaka mmoja wakaja watatu.

Mbelwa akabeba. Bega likachubuka, kucha ikang'oka. Akaapa: "Mama, kijijini sirudi, hata nikifa mnizike bondeni." Akaenda kusoma, akasoma, akasoma, mpaka akawa bingwa wa upasuaji katika hospitali ile ile ya bondeni. Akapewa na kiti kinachozunguka.

Nakijwa akabeba. Mjamzito aliyekuwa juu ya machela akamfia begani, hospitali inaonekana kwa macho. Akaapa: "Hapa mimi siondoki." Na kweli hakuondoka, mwaka wa tisa sasa.

Shemweta akabeba. Kufika korongoni akateleza, akaachia. Mzee wa watu aliyekwenda kutibiwa homa akarudi na homa yake, na juu yake mkono uliovunjika. Shemweta akaapa: "Udaktari basi." Akaacha chuo, akanunua pikipiki ya magurudumu matatu, akatandika godoro nyuma.

Lo, mavuno hayo! Mmoja kawakimbia wagonjwa, mmoja kawang'ang'ania, mmoja kawaangusha. Chuo kikaandika kwenye ripoti yake: mpango unaendelea vizuri.

Siku moja Semeni, mke wa fundi cherehani, akashikwa na uchungu. Nakijwa akampapasa tumbo, akapapasa tena. "Mtoto amelala upande. Hapa hazaliwi mtu. Muiteni Shemweta!" Shemweta akaja mbio, akamteremsha mlima kwa saa moja, polepole kwenye mashimo kama aliyebeba mayai. Kule bondeni Mbelwa akaacha chai yake, akapasua. Mama akapona, mtoto akalia.

Kijiji kikashangilia. Chuo nacho kikasikia, kikamtuma Bwana Ngoda, afisa wake, mwenye fomu na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, mlimani, masika!

"Bi Mkunde," akasema, "wewe unastaafu Ijumaa. Andika jina la mwanafunzi mmoja aliyetengenezwa na mpango huu. Huyo ndiye atakayewapokea wanafunzi baada yako. Ukiacha wazi, tunafunga, hawaji tena."

"Mmoja?"

"Nafasi ni moja, mama. Fomu ndivyo ilivyochapwa."

Ah, kumbe! Fomu imeshachapwa, basi nani awezaye kubishana na fomu? Bila wanafunzi, Kwemtindi ingebaki na Nakijwa peke yake, glavu na kuta. Bi Mkunde akawaita wote watatu. Wawili wakaja kwa miguu yao, wa tatu, Mbelwa, akaja kwa simu, akawekwa juu ya jiwe.

"Ni mimi," simu ikasema. "Bila kisu changu Semeni angekuwa marehemu. Halafu kila mwaka nawahadithia madaktari wangu wachanga habari za machela ya Mama Mkunde. Wanne wameshakwenda kufanya kazi vijijini kwa sababu yangu."

"Na wewe mwenyewe je, daktari?" Nakijwa akauliza. "Utawapokea wanafunzi lini?"

"Nitawasimamia kwa simu."

Watu wakacheka mpaka jiwe likatikisika. Nakijwa hakucheka. "Ni mimi. Mkono uliomjua mtoto kalala upande ni huu. Nalala hapa, naamkia hapa. Wao wamekuja, wamekwenda, mimi nipo."

"Upo, dada, hatukatai," Shemweta akasema. "Lakini kila mwanafunzi akifika unamhadithia yule mama aliyekufia begani, kabla hata hajafungua begi. Mwaka jana walikuja sita. Nani aliwarudisha stendi watano, wanalia kwenye godoro langu? Mimi!"

Nakijwa akainamisha uso. Ni kweli, na kila mtu alijua ni kweli.

"Kwa hiyo uandikwe wewe?" Bwana Ngoda akamgeukia Shemweta. "Wewe si mwanafunzi. Uliacha."

"Niliacha kalamu, bwana, si wagonjwa. Tangu nimenunua hii pikipiki, nani tena kambeba mtu begani? Sijaangusha hata mmoja. Somo la mama nimelielewa mimi kuliko wenye vyeti."

"Chuo kitatucheka," afisa akasema.

"Kicheke," Bi Mkunde akamjibu. "Kinachekwa na sisi kila mwaka."

Akashika kalamu. Akimwandika Mbelwa, watakuja wengi, na mwalimu wao atakuwa sauti kwenye jiwe. Akimwandika Nakijwa, mwalimu atakuwepo, na wanafunzi watakuwa stendi. Akimwandika Shemweta, watajifunza njia vizuri, na glavu atawavisha nani? Watoto wake wote watatu, amewatengeneza wote, na kila mmoja amemtengeneza nusu nusu.

"Mama, gari linangoja," Bwana Ngoda akasema, akipangusa tope.

Haya, nyinyi mnaonitazama mimi kana kwamba ndimi mwenye kalamu: bibi wa watu kainamia karatasi, na nafasi ni moja. Je, aandikwe nani?